Beki mmoja, timu moja, mechi 400, toka miaka 17 mpaka 40. Nini siri ya Dustin Fletcher?

#1 Mwinyi_wa_Sunshine
Wakuu habari za jioni, huku kwetu ni alfajiri.

Niko Melbourne mwaka wa kumi na moja sasa, napiga kazi kwenye ghala la baridi, na saa ya chai mezani hakuna stori nyingine, ni futi tu. Sio soka, ile yao ya mpira wa yai, watu 18 kila upande, uwanja wa mviringo mkubwa unaweza ukaanikia mpunga wa kijiji kizima. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa naitikia tu kwa kichwa. Sasa nimekolea, nina timu, nina skafu, na maadui ninao.

Leo mzee mmoja pale kazini, shabiki wa Essendon, kaniacha mdomo wazi. Anasema beki wao Dustin Fletcher, jezi namba 31, alianza mwaka 1993 ana miaka 17, bado yuko sekondari, akaja kuacha 2015 ana miaka 40. Timu hiyo hiyo moja. Mechi 400. Jina nilikuwa nalisikia ila hesabu ndio sikuwa nazijua, nikadhani ananipiga fiksi, nimekwenda kuangalia ni kweli tupu. Misimu 23 wakuu! Na sio kwamba alikuwa anaingizwa dakika za mwisho apigiwe makofi, hapana, alikuwa beki wa mwisho kabisa, yule anayekabidhiwa mshambuliaji mkali wa wapinzani anaambiwa huyu wako, tutaonana jioni.

Swali kwa wajuzi: inawezekanaje? Mimi naona ni mwili tu. Jamaa ni mrefu karibu mita 2 halafu mwembamba kama mlingoti, hana kilo za kumuumiza magoti. Karibuni.

#2 KinaraMkorofi
Mpira wa yai si ndio raga hiyo hiyo?

#3 Mwinyi_wa_Sunshine
Hapana mkuu. Raga unarusha nyuma, huku unapiga ngumi mpira unakwenda kwa mwenzio popote alipo, au unapiga teke. Ukidaka teke la mbali hewani mchezo unasimama, unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Kila upande kuna nguzo nne. Ukipitisha katikati ya zile mbili ndefu ni pointi 6, ukikosa ukapita pembeni kwenye zile fupi ni pointi 1.

#4 KinaraMkorofi
Subiri kwanza. UKIKOSA UNAPEWA POINTI???

#5 Mwinyi_wa_Sunshine
Ndio. Moja.

#6 KinaraMkorofi
Hahahaha basi mimi kuna straika wetu mmoja hapa simtaji jina, huko angekuwa mfungaji bora wa karne. Endeleeni na uzi wenu.

#7 BekiMstaafu
Mleta uzi nimekusoma. Mimi nimecheza beki mitaa ya Temeke miaka mingi na sasa hivi niko veterani, nina miaka 44. Nakataa kuwa ni mwili. Mwili unakuacha mapema sana, kwangu uliniacha nikiwa na 31. Kinachobaki ni kusoma.

Nitoe mfano. Kuna jamaa mmoja tulikuwa tunakutana naye kila Jumapili, mnene ana nguvu, ukimgusa anakutupa. Zamani nilikuwa namkimbilia. Siku hizi nasimama nusu hatua nyuma yake, vidole viwili vinagusa jezi yake kiunoni, kidogo tu, refa hawezi kuona. Kiuno kinaongea kabla ya mguu. Akitaka kwenda kushoto jezi inavutika kulia na mimi nishafika. Hanipiti tena na mbio sina. Sasa huyo Fletcher miaka 23 anawagusa watu jezi, atashindwa kujua wanakwenda wapi?

#8 Dokta_Viungo
Habari wakuu. Mimi ni mtaalamu wa viungo, niko Mwanza. Mleta uzi #1 anasema wembamba umemsaidia. Kwa magoti na vifundo sawa, uzito mdogo ni neema, lakini urefu wa mita 2 sio neema kwa mgongo wala kwa misuli ya nyuma ya paja. Watu warefu hivyo kwenye michezo ya kuruka na kugeuka ndio tunaowaona klinikini. Kwa hiyo mwili wake ulikuwa na faida na hasara, hauwezi kuwa jibu peke yake. Swali langu ni moja: alikuwa anakimbia kiasi gani kwa mechi?

#9 Nyaboke254
Sasa watu wangu. Niliishi Perth miaka sita kabla nirudi Nairobi, mume wangu wa wakati huo alikuwa mgonjwa wa hii kitu. Dokta #8 umeuliza swali la maana. Wale wa katikati ya uwanja ndio hukimbia mpaka watapike, mechi ni robo nne za dakika 20 na saa inasimamishwa kila mpira ukitoka, so unapata kila robo inaenda karibu nusu saa. Fulbeki hakimbii hivyo. Anakimbia kidogo kwa kasi, anaruka, anasukumana, halafu anapumzika mpira ukiwa upande ule mwingine. Hiyo ndio siri yenu, si uchawi. Kazi ya kusimama.

#10 Pembeni_Kulia
Fulbeki hakimbii?? Mimi nimecheza fulbeki nilikuwa napanda na kushuka mpaka mapafu yanawaka moto. Dada acha hizo.

#11 Nyaboke254
Aki wewe. Fulbeki ya huko si beki wa pembeni. Ni yule wa nyuma kabisa katikati, mbele ya goli. Soma pole pole.

#12 Pembeni_Kulia
Sawa nimeelewa, samahani. Lakini jina wamelikosea wao.

#13 Mtafiti_Hewa
Nitie mambo matatu sawa kabla watu hawajaanza kutunga.

Huyu hakuwa wa kwanza kufikisha 400. Kevin Bartlett wa Richmond alifika 403, kaanza 1965 kamaliza 1983. Michael Tuck wa Hawthorn alifika 426, mpaka 1991. Fletcher ni wa tatu. Baada yake akaja Brent Harvey wa North Melbourne akafika 432, Shaun Burgoyne 407, na Scott Pendlebury wa Collingwood kavuka 400 mwaka 2024.

Pili, sio mzee kuliko wote waliowahi kucheza. Kuna Vic Cumberland wa St Kilda alicheza mwaka 1920 akiwa na miaka 43.

Tatu, na hapa ndio namuunga mkono mleta uzi, angalieni hiyo orodha ya 400. Bartlett mfupi wa mbele, Harvey mfupi wa katikati, Tuck na Pendlebury watu wa katikati, Burgoyne kila mahali. Beki wa mwisho mrefu, wa kugombana na majitu, ni Fletcher peke yake. Kwa hiyo dada Nyaboke #9, kama kusimama ndio siri, mbona mafulbeki wengine hawakufika? Wamejaa wale wa kukimbia.

#14 BekiMstaafu
Mtafiti umempiga dada chenga ya mwili 😂

#15 Nyaboke254
Nimekubali nusu. Nusu nimebaki nayo.

#16 Papaa_Lubum
Jambo ba grand. Miye niko Brisbane, kwetu Lubumbashi. Mtu haongei mambo ya baba yake? Ken Fletcher, alicheza Essendon hiyo hiyo, mechi 264, hata kapiteni alikuwa. Mutoto alichukuliwa kwa sheria yao ya baba na mwana, kama baba yako alicheza timu fulani mechi za kutosha, ile timu iko na haki ya kukuchukua mbele ya wengine. Sasa mutoto anazaliwa ndani ya vestiaire, chumba ba wachezaji banabadilisha nguo, anakula chakula pale, anaona namna batu wakubwa wanajitunza. Wakati anaanza na miaka 17 yeye si mugeni. Miye naona njo hiyo, ni damu na nyumba.

#17 Kipanga_wa_Pangani
Papaa umenikumbusha Maldini. Baba Cesare nahodha wa Milan, mtoto Paolo kaanza ana 16 kamaliza ana 41 kasoro wiki chache, timu hiyo hiyo, beki. Yaani kama wamenakiliana.

#18 KinaraMkorofi
Na Maldini alipokuwa anakosa hakupewa pointi.

#19 Kipanga_wa_Pangani
Maldini hakuwa anakosa.

#20 mama_Rayan
Asalaam aleikum. Sichangii sana kwenye michezo ila hii imenigusa. Nipo Melbourne pia, upande wa kaskazini. Mwanangu ana miaka 8, kila Jumamosi asubuhi namfikisha kwenye ile programu yao ya watoto, Auskick, baridi ya kukata masikio, wazazi tumesimama na vikombe vya kahawa na bakuli la machungwa yaliyokatwa robo robo. Kwa sababu ni mrefu kuliko wenzake kocha kamuweka nyuma kabisa. Wiki ya kwanza nimemkuta amechuchumaa anang'oa majani, mpira uko mbali huko, watoto wote wamerundikana kama kuku wamemwagiwa mtama. Ghafla mpira ukaja kwake na mtoto mmoja mkubwa nyuma yake. Kila mtu kimya, wote tunamwangalia yeye. Alishika majani mkononi, akaupiga mpira ngumi na majani yake.

Nilichokiona ni kwamba kazi ile ni ya upweke. Unasahaulika muda mrefu, siku ukikosea unaonekana na uwanja mzima. Mtu kukaa hapo miaka 23 mimi nadhani ni moyo, hizo nyonga na misuli mnayosema sijui.

#21 Mwinyi_wa_Sunshine
Wa aleikum salaam dada. Hiyo ya majani nimecheka peke yangu kwenye treni.

Na nyongeza kwa wote, mwaka wake wa kwanza huyo kijana aliingia kwenye zama mbaya kuliko zote kwa beki. Tony Lockett jitu la kilo zaidi ya 100, alikuja kumaliza na magoli 1,360. Jason Dunstall 1,254. Gary Ablett mkubwa 1,031. Mwaka huo huo 1993 Ablett aliwafunga Essendon magoli 14 kwenye mechi moja, na Essendon ikashinda vile vile! Sasa mtoto wa sekondari, kesho ana mtihani, Jumamosi anakabidhiwa watu wa namna hiyo. Na mwaka huo huo wakachukua ubingwa, fainali waliwachapa Carlton kwa tofauti ya pointi 44. Timu yenyewe ilijaa vijana mpaka wakaitwa watoto wa Essendon. Hird, Mercuri, Misiti, na Wanganeen aliyetwaa medali ya mchezaji bora wa ligi.

#22 Mtafiti_Hewa
Hapo umegusa utamu wenyewe. 1993 alicheza na Tim Watson, aliyekuwa amestaafu akarudi. Miaka kumi baadaye akaingia Jobe Watson, mtoto wa huyo Tim, akaja kuwa nahodha wake. Alicheza na Anthony Daniher, halafu 2013 akaingia Joe Daniher, mtoto wa Anthony. Akamkaba Gary Ablett baba, akaja kukutana na Gary Ablett mtoto. Na wenzake wawili wa kikosi cha ubingwa wa 1993, Mark Thompson aliyekuwa nahodha na James Hird, wote baadaye wakawa makocha wake.

Yaani wenzake wakaoa, wakazaa, watoto wakakua, wakaingia kikosini wakamkuta pale pale amesimama langoni.

#23 Kipanga_wa_Pangani
Kama yule mzee wa stendi ya Tanga, kila ukirudi likizo yupo na koti lile lile.

#24 Chuma_Chakavu
Naona wote mnazunguka mbuyu. Essendon ndio ile timu ya kashfa ya sindano za kuongeza nguvu au sio? Mbona hamlisemi? Mtu anacheza mpaka 40, halafu ni Essendon, halafu mnatuambia kiuno kinaongea.

#25 Mtafiti_Hewa
Nilijua utakuja. Hiyo programu ya sindano ilikuwa msimu wa 2012, uchunguzi ukatangazwa Februari 2013, klabu ikapigwa faini dola milioni 2 na kuondolewa kwenye mtoano wa mwaka huo. Machi 2015 baraza la nidhamu la ligi likawasafisha wachezaji, shirika la dunia la kupambana na dawa likakata rufaa, Januari 2016 mahakama ya michezo ikawatia hatiani wachezaji 34 na wakafungiwa msimu mzima wa 2016. Fletcher ni mmoja wa hao 34, wakati huo alikuwa ameshastaafu. Hilo halifichwi.

Ila piga hesabu Chuma. 2012 alikuwa na miaka 37 na alishacheza misimu 19 kamili kabla ya hapo. Hizo 19 alidungwa na nani?

#26 Chuma_Chakavu
Sijasema 19. Nimesema hizo za mwisho. 37 mpaka 40 ndipo watu wanapodondoka.

#27 Dokta_Viungo
Tuwe waangalifu jamani. Wenzake 33 walikuwa kwenye mpango huo huo na hakuna aliyecheza mpaka 40. Kama ni dawa basi ilimpenda mmoja. Ila Chuma namuelewa, hata mimi mgonjwa wangu akipona haraka kuliko kawaida huwa namuuliza, umekunywa nini kingine.

#28 BekiMstaafu
Mimi nakunywa supu ya pweza kila Jumapili, nifungieni.

#29 mama_Rayan
Na wale vijana 34 wengi wao walikuwa wanaambiwa na wakubwa wao saini hapa, dunga hapa. Mimi kama mzazi hapo ndipo huwa panaponiuma, nitaishia hapo.

#30 Nyaboke254
Nimerudi na nusu yangu. Mnasahau makocha na sheria. Sheedy alikuwa pale toka 1981 mpaka 2007, so huyu kijana alilelewa na kocha mmoja miaka 15 mfululizo. Hakuna kocha mpya wa kuja kusema huyu mzee simtaki. Mchezaji hapa kwetu anabadilishiwa kocha mara tatu kwa msimu, career inaishia hapo.

Na sheria: 2006 walibadilisha, pointi moja ikiingia beki harudi kungoja refa wa goli apunge bendera, anachukua mpira anapiga hapo hapo. Fletcher alikuwa na teke refu balaa. Ghafla mzee wa miaka 31 akawa silaha ya kuanzisha mashambulizi. 2007 akachaguliwa kwa kikosi bora cha Australia nzima. Mara ya kwanza ilikuwa 2000, miaka saba kabla! Hiyo si mwili, ni mchezo ulimfuata yeye.

#31 Mwinyi_wa_Sunshine
Dada hiyo ya 2006 sikuwa naijua, asante.

Huo mwaka 2000 ndio walikuwa hawashikiki. Walicheza msimu mzima mpaka fainali wakapoteza mechi MOJA tu, fainali wakawapiga Melbourne kwa pointi 60, na Fletcher akawa mchezaji bora wa klabu, beki! Ila hiyo moja waliyopoteza walifungwa na nani? Footscray. Western Bulldogs. Timu yangu. Nilikuwa bado niko Tanga sijui hata Australia iko wapi lakini ushindi ule ni wangu.

#32 KinaraMkorofi
Unajisifia mechi uliyokuwa hujui ipo. Sasa nimeamini umekuwa shabiki kamili.

#33 Papaa_Lubum
Kwa ile ya kocha ya #30, Sheedy aliondoka 2007 lakini Fletcher alibakia, akaja Knights, akaja Hird, akaja Thompson, tena Hird. Njo makocha wakubwa wane. Kwa hiyo kocha si jibu yote.

Na kwa ba ndugu wa kwetu, mabeki banaotoka Afrika bako wengi kule. Héritier Lumumba, baba mukongomani mama wa Brazil, alishika kombe na Collingwood 2010, beki. Na Aliir Aliir wa Port Adelaide, wazazi ba Sudan ya Kusini, alizaliwa kambi ya Kakuma kule Kenya. 2021 akaingia kikosi bora cha nchi yote. Beki muzuri anadaka mipira ya wenzake mpaka banakasirika.

#34 Nyaboke254
KAKUMA?? Kumbe ni wetu! Nani hakutuambia.

#35 Kipanga_wa_Pangani
Wakenya hamjambo. Mtu akishinda ni wenu.

#36 Nyaboke254
Na nyinyi ghala la baridi la Melbourne mmeshalifanya la Tanga, tunyamaze wote.

#37 Dokta_Viungo
Turudi kwenye mada. Mechi yake ya mwisho ilikuwaje, aliaga au alivunjika?

#38 Mtafiti_Hewa
Ya 400 ndiyo ya mwisho. Tarehe 30 Mei 2015, uwanja wa MCG, na Richmond, ile mechi ya usiku ya kila mwaka ya kuwaenzi wenyeji asilia. Walipoteza. Akaumia kinena humo humo, akajaribu kurudi, msimu ukaisha hajarudi. Alikuwa ametimiza miaka 40 wiki tatu kabla.

#39 Mwinyi_wa_Sunshine
Subiri.

Tarehe 30 Mei 2015?

#40 Mtafiti_Hewa
Ndio. Jumamosi.

#41 Mwinyi_wa_Sunshine
Wakuu mimi nilikuwepo. Nilikuwa sina kazi ya kudumu bado, kuna wakala mmoja alikuwa anatupeleka kusafisha uwanja mechi ikiisha. Tulikuwa tunasubiri nje na mifagio mpaka watu watoke, halafu unaingia safu kwa safu, vikombe, karatasi za chipsi, mikate ya nyama imekanyagwa. Usiku ule nakumbuka baridi na nakumbuka watu wa jezi nyeusi yenye mkanda mwekundu walikuwa hawataki kutoka, walinzi wanawabembeleza. Mimi nanung'unika moyoni, timu imefungwa mnangoja nini, mimi nina safu arobaini za kufagia.

Chini ya kiti kimoja niliokota boksi limekatwa, limeandikwa kwa maka 400. Mwandiko wa mtoto, sifuri ya pili imebanwa nafasi imeisha. Nikalikunja nikalitia kwenye mfuko mweusi na mengine. Nilidhani ni bei ya kitu.

#42 mama_Rayan
Ya Rabbi.

#43 BekiMstaafu
Sasa hivi ungekuwa unaliuza mkuu 😂😂 lakini imenichoma kidogo.

#44 Chuma_Chakavu
Hiyo stori nzuri, lakini haijajibu swali la #24.

#45 Pembeni_Kulia
Mimi na nadharia yangu nyepesi, mikono. Nimekwenda kuangalia video zake. Mshambuliaji ameshafunga mikono kudaka, unaona mkono unatokea nyuma, mrefu, kama wa mtu anayechukua sufuria kabati la juu, unagonga mpira tu, basi. Kumbe walikuwa wanamwita Inspekta Gadget, yule wa katuni mwenye mikono inayorefuka. Mikono haizeeki.

#46 Dokta_Viungo
Mabega yanazeeka mkuu.

#47 Pembeni_Kulia
Nimesema mikono.

#48 Mtafiti_Hewa
Na miguu pia alikuwa anairefusha, kamati ya nidhamu ilimuita kwa kuwatega watu. Msimfanye malaika. Kuna mechi kadhaa alikosa kwa adhabu, kwa hiyo Nyaboke hata hapo ukitaka sema adhabu zilimpumzisha.

#49 Nyaboke254
Hiyo naichukua. Siri ni red card 😂

#50 Kipanga_wa_Pangani
Huko hawana kadi nyekundu.

#51 Papaa_Lubum
Watoto wake wawili balikwenda kucheza mupira wa Marekani, kazi yao ilikuwa kupiga teke tu, mumoja alikwenda chuo cha Cincinnati, mwengine Arkansas. Teke la baba limevuka bahari. Minarudia tena: damu.

#52 BekiMstaafu
Mimi watoto wangu watatu hakuna hata mmoja anayependa mpira, mmoja anasusi nywele. Damu yangu imeishia Temeke.

#53 KinaraMkorofi
Wakuu nimerudi. Jana nilikuwa kwa mpwa wangu ana king'amuzi kikubwa, tukakuta hiyo futi yenu inaoneshwa, nikasema ngoja nikae nione hawa watu wa mleta uzi. Nimeangalia mechi nzima. Sasa nina swali na naomba nijibiwe kwa heshima.

Beki yuko langoni kwake. Mpira unakuja. Hana mtu wa kumsukuma sana. Badala ya kuudaka AKAUPIGA NGUMI UKAINGIA LANGONI KWAKE MWENYEWE. Refa kanyoosha kidole kimoja. Na wenzake wakampiga mgongoni vizuri sana!! Mbona kajifunga makusudi halafu anapongezwa?

#54 Mwinyi_wa_Sunshine
Hahaha karibu mkuu. Ule mpira ukiguswa na beki ukapita, hata katikati, ni pointi 1 tu sio 6. Kwa hiyo kama unaona unazidiwa unautoa kwa hasara ndogo, halafu mpira unakuwa wenu, mnaanza upya. Huyo Fletcher kwa mikono ile alizitoa nyingi sana.

#55 Mtafiti_Hewa
Ila kuna mipaka. Fainali ya 2008 Hawthorn walifanya hivyo mara 11 dhidi ya Geelong wakabeba kombe, mwaka uliofuata ikaja sheria, ukiutoa makusudi bila kubanwa unaadhibiwa, wapinzani wanapiga mbele ya goli. Kwa hiyo huyo uliyemuona inabidi awe alibanwa kidogo.

#56 KinaraMkorofi
Alibanwa wapi, jamaa alikuwa mbali naye kama toka hapa mpaka kwa muuza chipsi.

#57 BekiMstaafu
Refa kaona ni kubanwa.

#58 KinaraMkorofi
Refa yule kapewa nini? Mimi nilikuwa naangalia kwa macho yangu. Nyie mnaoelewa, Jumamosi ijayo wanacheza saa ngapi kwa saa za huku?